Kazi ya mbali haijafa, kilichokufa ni chumba bandia

Tarehe 16 Februari 2026 Meta ilifunga Horizon Workrooms, programu iliyozinduliwa Agosti 2021 ambamo watu walivaa Quest, miwani ya Meta inayomzamisha mvaaji katika ulimwengu wa kompyuta, na kugeuzwa vikaragosi vilivyoketi kuzunguka meza isiyokuwepo. Haikuwa ya kwanza kufungwa. AltspaceVR ya Microsoft, ukumbi mwingine wa vikaragosi, ilitangulia Machi 2023, Hubs ya Mozilla ya aina hiyohiyo ikafuata Mei 2024, ubao wa Jamboard wa Google ukazimwa mwisho wa 2024, na Mei 2025 ikawa zamu ya Skype. Ukiongeza agizo la Amazon la kuwarudisha wafanyakazi wake ofisini siku 5 kwa wiki kuanzia Januari 2025, unaelewa kwa nini wengi wamehitimisha kwamba jaribio la kuwaunganisha kikazi watu walio mbalimbali limegonga mwamba.

Hitimisho hilo limepotoka. Tuitoe kwanza Skype kwenye hesabu, maana ilifungwa kwa sababu mwenye mali, Microsoft, alikuwa na programu nyingine ya mikutano, Teams, na hakuona haja ya kulisha wawili. Zilizobaki nyingi zilisimama juu ya dhana moja, kwamba watu wakiwa mbali wanachokosa ni chumba, basi watengenezewe chumba. Hoja yangu ni kwamba kundi lililotawanyika linakosa kitu kingine kabisa: kumbukumbu moja inayoaminika, ambamo kila mmoja, kwa saa yake na kwa bando lake, anaona nini kimeamuliwa, nani ameamua, kwa sababu gani, na nani anafanya nini baada ya hapo. Vifaa vilivyoijenga kumbukumbu hiyo viko hai na vinatumika kila siku, ila havina mbwembwe za kuandikwa magazetini.

Itazame Workrooms yenyewe. Quest 2 ilikuwa na uzito wa karibu nusu kilo, ikining'inia usoni, na betri yake ilidumu saa 2 hadi 3. Watu 16 waliweza kuingia kwa miwani, na jumla kufika 50 pamoja na waliojiunga kwa video ya kawaida. Hao wa video walionekana kwenye skrini iliyotundikwa ukutani mwa chumba bandia, yaani hata ndani ya ndoto kulikuwa na wa mezani na wa ukutani. Kuandika ukiwa umeivaa kulikuwa shida, kunywa chai ndiyo usiseme. Mkutano ukiisha, kilichobaki ni kile alichokumbuka kukiandika mtu mmoja.

Wenye kumbukumbu ndefu watakumbusha kwamba haya yalionyeshwa zamani. Tarehe 9 Desemba 1968 mvumbuzi Douglas Engelbart aliketi mbele ya wahandisi mjini San Francisco, akafungua hati kwenye skrini, na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, umbali wa takriban kilomita 50, akawa anaifanyia kazi hati hiyohiyo kwa wakati uleule. Uso wa mwenzake ulionekana kwenye pembe ndogo tu ya skrini. Hati ilikuwa katikati, uso pembeni. Sekta nzima ya mikutano ya mtandaoni imekuja kuigeuza picha ile, uso ukawa katikati na hati ikawa kiambatisho kinachotumwa dakika tano kabla ya kikao, bila kusomwa.

Tuchukue kundi la aina inayojulikana kwa wasomaji wa Kiswahili: watu wanane wanaoandaa mwongozo wa kisukari, wawili Dar es Salaam, wawili Goma nchini Kongo, wawili Muscat nchini Oman na wawili Minneapolis nchini Marekani. Saa za kazi ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, kila mtu kwa saa za kwake. Muscat iko saa moja mbele ya Dar, Goma saa moja nyuma, na Minneapolis saa 9 nyuma wakati wa baridi, saa 8 wakati wa kiangazi. Piga hesabu na utaona kwamba hakuna hata dakika moja ambayo watu wa miji yote minne wako kazini. Kiangazi ndipo Muscat wanapofunga ofisi wakati uleule Minneapolis wanapofungua, wakati wa baridi wanapishana kwa saa nzima. Ongeza kwamba wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo siku za kazi za pamoja ni nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Kikao chochote cha mubashara kitamla mtu jioni yake au alfajiri yake. Ukikiweka saa 11 jioni ya Dar, Muscat ni saa 12, watu wako barabarani au wanaelekea swala ya magharibi. Hapo miwani ya Quest itamsaidia nani? Kundi kama hili litafanya sehemu kubwa mno ya kazi yake kwa kupokezana, na la kupanga ni namna ya kupokezana.

Hata hicho kikao kimoja cha wiki kina mtego. Marekani husogeza saa zake Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Sisi hatusogezi. Mwaliko wa kalenda hufuata saa za aliyeutengeneza, kwa hiyo akiutengeneza wa Minneapolis saa 2 asubuhi, Machi inapofika kikao cha Dar kinaruka kutoka saa 11 kwenda saa 10 jioni bila mtu kugusa chochote. Lau kundi lingekuwa na mtu London pia, kungekuwa na wiki mbili au tatu za Machi ambazo tofauti zote zimevurugika. Mwaliko utengenezwe na aliye katika ukanda usiosogeza saa, na tangazo liandike saa kwa namna zote mbili: saa 11 jioni Dar, 17:00 kwenye kalenda. Baadhi ya wanaokosa vikao hawakukosa kwa uvivu. Walisoma 17:00 kwa haraka wakadhani ni 7:00.

Kisha kuna bando. Kwa viwango vinavyotolewa na Zoom yenyewe, sauti tupu hutumia kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na video nzuri ya watu wawili kilobiti 600 kila upande. Kwa saa moja, sauti kwa kiwango cha juu ni kama MB 36 kwenda na MB 36 kurudi. Video ni MB 270 kwenda na 270 kurudi, yaani zaidi ya nusu GB, na ya ubora wa 720p ni takriban mara mbili ya hapo. Ukurasa wa maandishi ni kilobaiti chache. Aliye ofisini kwenye Wi-Fi ya mwajiri haioni tofauti hii, ila aliyejiunga kwa simu huilipa mfukoni, na ndiye huambiwa kwa upole, "Tafadhali washa kamera tukuone."

Gharama ambayo haizungumzwi sana ni ya zamu ya kusema. Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende kiasili. Mtandao ukilemewa, ucheleweshaji hupita hapo, na matokeo yake yana mpangilio: mwenyekiti anauliza "kuna maoni?", walio kwenye waya mzuri wanaanza kusema, wa Goma anaanza nusu sekunde baadaye, anasikia sauti za wengine, ananyamaza kwa adabu. Anajaribu tena, yanarudi yaleyale. Mara ya tatu anaandika "sawa" kwenye gumzo la pembeni. Kwenye kumbukumbu za kikao ataonekana aliyekubali, kumbe maoni ya kundi yamepangwa kwa nguvu ya mtandao wa kila mmoja.

Kuna kundi ambalo limefanya kazi kwa namna nyingine tangu 1986, na bila lenyewe usingekuwa unasoma hapa. IETF, jopo linaloandika viwango vya intaneti, lina wahandisi duniani kote na hukutana ana kwa ana mara tatu kwa mwaka. Kanuni yake inashangaza watu wa vikao: lililokubaliwa ukumbini halijawa uamuzi mpaka lithibitishwe kwenye orodha ya barua pepe, ambako asiyekuwepo ana sauti sawa na aliyekuwepo. Hati inayotoka kwenye kikundi kazi hupewa mwito wa mwisho wa maoni usiopungua wiki mbili. Nyaraka zake zina namba na haziandikwi upya juu ya zile za zamani. Yakihitajika mabadiliko, hutolewa nyingine yenye namba yake. Teknolojia yao ni kongwe hadi inachekesha. Kinachowafikisha ni kanuni ya wapi uamuzi unazaliwa.

Kanuni hiyo kundi la watu wanane linaweza kuianza Jumatatu, kwa hati moja ya pamoja, iitwe daftari la maamuzi. Kila uamuzi una namba, swali lililoandikwa kwa sentensi moja, chaguo zilizopo, tarehe ya kufungua na kufunga maoni, pingamizi na majibu yake, uamuzi, mhusika mmoja kwa jina (kamati haiwi mhusika), na tarehe ya kuuangalia upya. Kwa kundi letu la mfano ungesomeka hivi. Uamuzi 14: sura ya 3 itolewe peke yake kabla mwongozo haujakamilika? Chaguo: itolewe kwa PDF, au isubiri. Maoni yamefunguliwa Jumatatu saa 3 asubuhi ya Dar, yamefungwa Alhamisi saa 3 asubuhi. Pingamizi kutoka Goma: faili kubwa haifunguki kwenye simu ndogo. Jibu: picha zipunguzwe, faili isizidi MB 2. Imeamuliwa: itolewe. Mhusika: mhariri wa Muscat. Kuangaliwa upya baada ya miezi mitatu. Ni mistari minane, na mtu atakayejiunga mwaka kesho ataelewa kwa nini picha ni ndogo bila kumuuliza yeyote.

Saa 72 hizo za maoni zimechaguliwa makusudi. Zinaanza na kuisha ndani ya siku nne za kazi za pamoja, na zinampa kila mtu walau siku tatu za kusoma. Zikiwa 24, wa Minneapolis anapata siku moja tu, na akiwa na mgonjwa nyumbani amekosa. Kikwazo cha mara kwa mara ni kimya. Kundi likubaliane mapema kimya kinahesabiwaje, na ushauri wangu ni kwamba kwa mambo madogo kimya ni ridhaa, kwa mambo ya fedha na majina ya watu kila mmoja aandike neno. Wasipokubaliana, mwenye cheo atakitafsiri kimya kwa faida yake, na hakosi kufanya hivyo.

Panapoharibika zaidi ni kwenye umiliki, na hapa niwe mkali kidogo, kwa sababu ni uzembe wa kawaida mno. Folda ya mradi inakuwa kwenye akaunti binafsi ya kijana wa mafunzo kazini, kwa kuwa siku ile ndiye aliyekuwa na kompyuta. Anaondoka na faili zinaondoka naye. Google sasa ina sera ya kuweza kufuta akaunti binafsi iliyokaa miaka miwili bila kutumika. Slack, programu ya gumzo la kikazi, kwa wasiolipia inaonyesha ujumbe wa siku 90 tu, na tangu Agosti 2024 inafuta kabisa uliozidi mwaka mmoja. Uthibitisho wa hatua mbili, ule msimbo unaotumwa kwa simu kabla ya kuingia kwenye akaunti, umefungwa kwenye laini ya simu ya mtu mmoja. Laini ikipotea, mlango umefungwa. Vikundi vya kuweka na kukopa vijijini vilishalitatua hili kwa sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, na akaunti ya kundi ihitaji angalau wasimamizi wawili wa miji tofauti, misimbo ya dharura iliyochapwa kwenye karatasi, na anwani ya barua pepe ya taasisi badala ya ya mtu. Kila robo mwaka pakua nakala nzima, kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama inasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

Nakala hiyo inahitajika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki ikapooza, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Siku kama hizo chumba cha mtandaoni hakipo kabisa, cha vikaragosi au cha kamera. Kumbukumbu yenye nakala kwenye kompyuta ya kila mmoja ipo, na kazi ya kuandika inaendelea hadi waya urudi.

Wanaotetea kuonana wana hoja nzito, na zinastahili kusemwa kwa haki. Utafiti wa Melanie Brucks na Jonathan Levav uliochapishwa kwenye jarida la kisayansi la Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba watu wawili wanaobuni mawazo kwa video hutoa mawazo machache kuliko walioketi pamoja, ingawa kwenye kuchagua wazo lililo bora hawakuzidiwa. Microsoft ilipochunguza mawasiliano ya wafanyakazi wake 61,182 wa Marekani katika nusu ya kwanza ya 2020, iliona makundi yakijifungia zaidi na madaraja kati yao yakipungua. Nakubaliana na yote mawili, tena naona yanaunga mkono ninachosema: video inadhoofika palepale inapojaribu kuwa chumba. Upande wa pili, wa wanaotetea kazi ya nyumbani, hupenda kunukuu jaribio la Nicholas Bloom na wenzake katika kampuni ya Trip.com, lililotolewa 2024, ambapo wafanyakazi 1,612 walihusika na kiwango cha kuacha kazi kwa waliokaa nyumbani siku mbili kwa wiki kilipungua kwa theluthi bila utendaji kushuka. Ni utafiti mzuri, ila walikuwa watu wenye ofisi mjini wanakoishi. Hali kadhalika agizo la Zoom la 2023 la kurudi ofisini siku mbili liliwahusu wanaoishi ndani ya maili 50, kama kilomita 80. Mjadala mzima wa "kurudi ofisini" unahusu watu wenye mahali pa kurudi. Kundi la Goma, Muscat, Dar na Minneapolis halina, na kuliamulia kwa maagizo ya Amazon ni kuchanganya mambo mawili.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba sisi ni watu wa mdomo, maandishi hayatuendi. Inasemwa katika nchi ambamo watu wanaandikiana WhatsApp kuanzia alfajiri, na ambamo mwekahazina wa kikundi akikosea shilingi elfu moja kwenye daftari atahojiwa na mama wa miaka sabini aliyekariri kila mchango. Tatizo halisi lililojificha nyuma ya hoja hiyo ni lingine. Pingamizi kwa mkubwa likisemwa kikaoni linaweza kulainishwa kwa kicheko, likiandikwa linabaki. Kwa hiyo mdogo huogopa kuandika "sikubaliani na mkurugenzi". Dawa ni utaratibu: wakubwa waandike maoni yao siku ya mwisho badala ya ya kwanza, na sehemu ya pingamizi iwe ni lazima ijazwe, hata kama ni kwa "pingamizi tulilolifikiria". Mtu akijaza fomu hahesabiwi kuwa mjeuri.

Na WhatsApp? Itumike kuitana, kupeana pole na kukumbushana. Inafaa sana kwa hayo, inakula bando kidogo na ujumbe husubiri mtandao urudi. Haifai kuhifadhi uamuzi, kwa sababu ujumbe wa sauti wa dakika nne hautafutiki, picha ya risiti inazama chini ya salamu za Ijumaa, na anayejiunga leo, hata akitumiwa vipande vya mazungumzo ya nyuma, hapati mtiririko. Jambo likiamuliwa kule, mtu mmoja alihamishie kwenye daftari siku hiyohiyo na kurudisha kiungo kwenye kundi.

Tukilikubali hili, bajeti zinabadilika sura. Maombi mengi ya fedha yana mstari wa leseni za mikutano na wa tiketi za ndege, lakini hayana mstari wa mtunza kumbukumbu. Kazi hiyo hupachikwa kwa aliye mdogo kuliko wote, bila malipo, naye huifanya kama adhabu. Ilipwe, hata kwa siku moja kwa wiki. Tena kurekodi kila kikao ili "tusipoteze kitu" kunageuka mzigo wa kisheria, kwa kuwa sura na sauti ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, na rekodi ya saa mbili haisomwi na mtu. Muhtasari unaoandikwa na mashine nao hujikwaa palepale wazungumzaji wanapochanganya Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, ndivyo vikao vyetu vilivyo. Nauli zisifutwe, zihamishwe. Siku nne za kukutana mwanzoni mwa mradi, zitumike kubuni, kubishana na kujuana kwa majina ya watoto, zina thamani kuliko warsha ya kufunga mradi ambako watu husafiri kusomeana ripoti walizokwisha tumiana. Na kabla ya kulipia programu yoyote mpya, katibu adai jibu la maandishi kwa swali moja: siku mkiifunga, tunatoka na nini, na kwa faili za aina gani? Waliokuwa wakitumia Workplace ya Meta, mtandao wa mawasiliano ya ndani ya taasisi, iliyotangazwa Mei 2024 kwamba itafungwa na ikabaki ya kusoma tu kuanzia Septemba 2025, walipewa muda wa kuhamisha data yao. Muuzaji wa programu ndogo akifilisika ghafla hatawapa hata wiki.